Mkonga wa 1HZ, Prado 120 au Prado 95 kwa safari za porini: tukague nini kabla ya kutoa pesa?

Njia_Panda
Habari zenu wakuu. Natafuta 4WD iliyotumika ya kuingia nayo porini kutokea Arusha: Natron kupitia Engaruka, Loliondo, Ndutu wakati wa mvua, na Katavi mara moja kwa mwaka. Watu wanne, mahema, maji lita 60 na chakula cha siku sita. Bajeti ni milioni 60, na humo humo itoke sevisi ya kwanza. Nimechuja nikabaki na tatu: mkonga, yaani Land Cruiser HZJ78 ya 2002 yenye dizeli ya 1HZ, Prado 120 ya 2005 yenye dizeli ya 1KD, na Prado 95 ya petroli, injini 3RZ. Mwendo kasi sina haja nao. Jibu la "Toyota haifi" nimelisikia vya kutosha. Naomba mniambie kila moja hufia wapi, na mtu akishalala chini ya gari aangalie nini.

Fundi_Difu
Umesema vizuri kulala chini, maana wengi hukagua wamesimama, wanaishia kununua rangi.

Anza na chesisi. Injini ikifa unashusha unapandisha nyingine, chesisi ikioza ndiyo gari lenyewe limeoza. Beba nyundo ndogo na tochi, ugonge reli zote mbili kuanzia nyuma kwenda mbele. Chuma kizima hulia, kilichooza ndani hutoa sauti ya debe lenye mchanga. Pa kukazania ni pale springi za nyuma zinapofungwa, sehemu ya reli inayopanda juu ya ekseli ya nyuma, na nyuma ya matairi ya mbele panaporushiwa tope. Kisha chomeka waya kwenye yale matundu ya chesisi. Vumbi kavu likitoka hakuna neno. Likitoka tope bichi na magamba ya kutu, maji yamekaa humo muda mrefu.

Rangi nyeusi mpya chini ya gari la miaka ishirini ni swali, si sifa. Magari mengi yaliyotoka Japani upande wa baridi yamepita kwenye barabara zinazomwagwa chumvi kuyeyusha theluji, na ya Uingereza ni hivyo hivyo. Gari lililozeeka hapa hapa mara nyingi lina chesisi safi kuliko lililoshuka melini mwaka jana, ila lisiwe limeishi pwani au kushinda kwenye magadi ya Natron bila kuoshwa chini.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye reli ya mbele kulia, karibu na tairi. Futa kwa brashi na dizeli, uisome mwenyewe, uilinganishe na kibati kilicho kwenye chumba cha injini na kadi ya gari. Ukiona chuma kimesagwa au kuna mstari wa kuchomelea jirani na namba, aga uondoke.

Mkonga_Mrefu
Nichukue hiyo HZJ78. 1HZ ni silinda sita, cc 4,164, haina turbo, na pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika. Ndiyo maana fundi wa Mpanda au Mto wa Mbu ataifungua bila skana. Ni nzito, ina kelele, mlimani inapanda kwa subira, lakini haikuachi njiani kwa sababu ya waya wa sensa.

Inakokufa sasa. Kwanza mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa zote lazima ziwake kwa pamoja na hiyo ikiwemo. Isipowaka, balbu imeungua au imetolewa ili isimsumbue mwenye gari. Na ikiwaka kisha ikazima vizuri haithibitishi kitu, kwa sababu inaweza kuzimwa kule nyuma ya dashibodi bila mkanda kuguswa. Kama hakuna karatasi ya fundi yenye tarehe na kilomita, hesabu kwamba haujabadilishwa: nunua mkanda pamoja na tensheni yake, ukiwa hapo ubadilishe pampu ya maji.

Pili, jihadhari na turbo ya kufungiwa mtaani. Hedi ya 1HZ ina vyumba vidogo vya kuchomea mafuta, na vyumba hivyo hupasuka moto ukizidi. Ukikuta 1HZ yenye turbo na haina geji ya joto la ekzosi, ujue aliyeifunga hakujua alichokuwa akikichezea.

Kuisikiliza: mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini, iwe ya baridi kweli. Muuzaji anayekupokea injini ikiwa ya moto ana jambo. Iwashe. Moshi mweupe kidogo asubuhi ukaisha ndani ya dakika hauna shida. Mweupe unaoendelea na kunuka dizeli mbichi ni nozeli au kompresheni. Wa bluu ni oili. Mweusi wakati wa kupanda mlima mara nyingi ni chujio la hewa au pampu iliyoongezwa mafuta. Halafu, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), fungua kifuniko cha oili ukigeuze na kukilaza juu ya tundu. Kikitikisika kidogo sawa. Kikirukaruka na mvuke ukatoka kwa mapigo, injini inapumua, ringi zimekwisha. Hapo dai kipimo cha kompresheni kwa silinda zote sita. Tofauti kati ya ya juu na ya chini isizidi kilo 5.

Jirani_wa_Rejeta
Ongeza feni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe feni kwa mkono. Iwe nzito, igome. Ikizunguka yenyewe kama ya chumbani, klachi yake imekufa, na gari hilo litachemka kwenye mchanga kwenye 4L (4WD ya gia nzito), si kwenye lami ambako muuzaji atakuendesha.

Na tazama rejeta kwa nyuma, nusu ya chini. Mbegu za majani hujaa pale hadi zinakuwa kama mkeka. Watu wamebadilisha thamostati tatu kumbe ni majani.

Fundi_Difu
Ekseli ya mbele ya mkonga. Ni ekseli nzima kutoka tairi hadi tairi, imara sana, ila kwenye nakoli (kiungo kinachogeuza gurudumu) kuna ile duara kubwa kama mpira. Ipitishe kidole. Utando mwembamba wa grisi ni kawaida. Ukiona uji mweusi unatiririka hadi upande wa ndani wa tairi, sili ya ndani imekufa, oili ya difu imechanganyika na grisi.

Nyanyua gurudumu la mbele kwa jeki. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za nakoli. Kushoto na kulia likicheza ni tai rodi. Kazi nzima ya nakoli, yaani sili, beringi za juu na chini, beringi za magurudumu na grisi ya moli, hufanywa pande zote mbili kwa siku moja hadi mbili. Haitishi, lakini ipunguze kwenye bei. Usukani unaotetemeka ukifika kilomita 70 kwa saa mara nyingi ni hapo hapo, au ni shokapu ya usukani, na muuzaji atakwambia "ni balansi tu".

Chalbi_Kavu
Salamu kutoka Nanyuki. Mkonga mmeusifu, sasa tumsemee Prado. Barabara ya Loiyangalani hadi North Horr ni mawimbi madogo madogo saa nzima, na HZJ78 yenye springi pleti nyuma itakutoa meno. Prado 120 kwa kawaida ina koili pande zote, na 4WD yake ni ya wakati wote ikiwa na loku ya difu ya kati (swichi ya kufunga mbele na nyuma zizunguke pamoja). Kwa watu wanne na mizigo ya kiasi, abiria watafika wakiwa bado wanasalimiana.

Lakini 1KD ina ugonjwa wake na lazima uujue. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba ya kuzibia. Ikivuja, moshi wa mwako unapita kwenda kwenye oili, oili inageuka lami, na kile kichujio kilicho ndani ya sampu (bakuli la oili) kinaziba. Injini hukosa oili, hugonga, hufa. Dalili ni kelele ya kugongana injini ikiwa baridi, masizi mazito kuzunguka shingo za nozeli, na taa ya oili inayochelewa kuzima. Njia ya uhakika ni kushusha sampu ya chini na kukitazama kichujio kwa macho. Ni boliti nyingi na gasketi ya kupaka, muuzaji akikubali ni dalili nzuri tayari.

Skana nayo ni lazima. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, soma marekebisho ya kila nozeli. Yakiwa karibu na sifuri safi. Ikipita 3 juu au chini, anza kuuliza. Seti ya nozeli nne mpya za asili ni pesa ya kukata pumzi, kwa hiyo uliza bei ya mjini kwako kabla ya kukubali bei ya gari, si baada yake.

Bi_Chujio
@Chalbi_Kavu uko sahihi, nami niseme la mafuta. Mfumo wa 1KD hauvumilii maji. Dizeli ya kidumu kijijini, iliyokaa juani miezi miwili, 1HZ itaikohoa na kuendelea. 1KD italipa kwa pampu na nozeli. Badilisha chujio la dizeli kila kilomita 10,000, beba mawili, toa maji chini ya chujio kila asubuhi ya tatu ya safari. Na dizeli ya kidumu ipitishe kwenye faneli yenye wavu mwembamba, sio kitambaa cha kanga, kitambaa hutoa nyuzi.

Njia_Panda
Kwa hiyo petroli ya 3RZ ndiyo salama zaidi? Naona mnaikwepa.

Mzee_wa_Transifa
Hatuikwepi, inasahaulika kwa kuwa haina hadithi. 3RZ ni cc 2,700, ina cheni badala ya mkanda, haina turbo, na petroli ya kijijini haiiudhi sana. Ukiitunzia maji haikusumbui. Ila inakunywa. Ikibeba mizigo na watu wanne kwenye mchanga usitegemee zaidi ya kilomita 6 kwa lita, na kwenye 4L hesabu ni nyingine kabisa. Kwenda Katavi piga hesabu ya madumu, na madumu ya petroli ndani ya gari si mchezo.

Jambo la pili hakuna anayelisema: majani makavu. Ekzosi ya petroli, hasa penye katalisti, ni ya moto mno. Ukipita kwenye nyasi ndefu mwezi wa nane, simama kila nusu saa uzing'oe zilizokwama juu ya ekzosi. Magari huungua hivyo.

La tatu ndilo kubwa. Boli jointi ya chini ya Prado 90/95, na Hilux Surf ya umri ule, uzito wa gari unaivuta badala ya kuikandamiza. Ikichakaa haikupi onyo refu. Inachomoka, gurudumu linalala nje, na bodi inakaa chini. Kwenye gari la kununua, zibadilishe zote mbili bila kuuliza, za asili tu. Boli jointi ya bei ya chipsi usiifunge mahali hapo.

Na Prado zote hizi zina msimamo wa mbele wa kujitegemea kila gurudumu. Angalia mpira wa drafti (shafti zinazozungusha magurudumu) za mbele. Ukipasuka, mchanga unaingia, na baada ya wiki chache unasikia tak-tak ukikata kona.

Halafu kwenye Prado 120 kagua nyuma. Baadhi zina mifuko ya hewa badala ya koili. Mfuko ukitoboka Loliondo gari linakaa kama mbwa. Zilizobadilishwa kuwa koili sioni ubaya, mradi kazi iwe safi na taa ya onyo isiwe imekatwa waya.

Mkonga_Mrefu
Hapo kwenye taa kukatwa waya weka mstari. Taa za 4WD ndizo huchezewa kuliko zote.

Mzee_wa_Transifa
Ndiyo, na hapa ndipo watu hupigwa. Gari linaitwa 4WD lakini mbele limekufa miaka mitano. Jaribu hivi, na usikubali kujaribishia kwenye lami.

Tafuta uwanja wa vumbi au changarawe. Mkonga: funga habu za mbele kwa mkono kama ni za kufunga, zizunguke laini hadi mwisho. Weka 4H (4WD ya gia nyepesi), nenda mita 200 moja kwa moja. Simama, gia huru, weka 4L. Iingie bila kusaga. Weka gia ya kwanza, usikanyage mafuta kabisa: gari litambae lenyewe polepole kuliko mtu anayetembea. Kisha litelemshe mteremko kwa gia hiyo hiyo. Lever ya transifa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) ikiruka yenyewe kutoka 4L wakati wa kuteremka, kuna uchakavu ndani.

Ukitoka 4WD, lever ikagoma kutoka hata baada ya kwenda moja kwa moja kwenye vumbi, uwezekano mkubwa ni difu ya mbele na ya nyuma hazina uwiano mmoja. Hutokea sana mtu akinunua difu ya mtumba akaifunga bila kuangalia namba ya ekseli kwenye kibati. Lakini kabla hujalaumu difu pima matairi kwa kamba. Matairi mapya mbele na vipara nyuma huleta shida hiyo hiyo.

Prado 120: bonyeza loku ya difu ya kati. Taa ikimeta bila kutulia hata ukisogea mbele na nyuma kidogo, mota ya transifa imeganda kwa kukaa bila kutumika. Ni ugonjwa wa magari ya mjini. Muuzaji anayesema "mimi sikuwahi hata kuitumia" kwa kujisifu, amekupa habari mbaya bila kujua.

Na tafadhali, anayekuletea RAV4 Kilitime kama mbadala, mshukuru. Haina 4L. Kwenye tope la Ndutu ni gari la kusubiri trekta.

Chalbi_Kavu
Hata 4L haikusaidii kwenye lile tope jeusi kama matairi ni ya lami. Linajaa kwenye kashata za tairi na unabaki na magurudumu manne ya chapati. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka saba lenye kashata nzima ni tairi lililokufa likiwa na sura nzuri.

Saizi: mkonga wenye 7.50R16 au 235/85R16 unapata tairi popote malori madogo yanapopita. Prado ya rimu 17, saizi 265/65, ukipasukiwa mbili huko ndani utasubiri basi la kesho kutwa. Wengi hushuka hadi rimu 16, lakini hakikisha kwanza inavuka kaliba ya breki.

Upepo: mawimbi psi 26 hadi 28, mchanga laini 18, na ukirudi kwenye lami jaza. Kompresa ndogo ya betri ni muhimu kuliko taa za juu ya bodi.

Karatasi_Kwanza
Niwape ya ofisini. Kama unaagiza kutoka nje, ingiza gari kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kulipenda. Gari la zaidi ya miaka 10 lina ushuru wa ziada wa uchakavu wa asilimia 30, na la miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15. Kwa hiyo mkonga wa 2002 ununue uliokwisha sajiliwa hapa. Wa Kenya hawana hata njia ya kuagiza gari kama hilo, sheria yao inazuia gari lililopita miaka 8.

Mikonga mizuri hutoka kwenye minada: STK za serikali na DFP za miradi ya wafadhili. Faida ni kwamba wengine wana daftari la sevisi. Hasara ni kwamba odometa haikwambii saa ambazo injini iliungurumishwa imesimama, kiyoyozi kimewashwa, dereva anamngoja bosi. Soma uchakavu wa pedali, usukani na kiti cha dereva. Kilomita 140,000 na pedali ya klachi imekuwa bapa kama sarafu haviendani.

Kadi iwe ya asili mkononi, jina la muuzaji liwe ndilo lililo kwenye kadi. Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari siku hiyo hiyo ya kulipa. Gari lenye namba za Zanzibar, hakikisha ushuru wa Bara umelipwa.

Na kwenye milioni 60, gari liishie 48 au 50. Zilizobaki ni oili zote, ikiwemo ya difu mbili, gia boksi na transifa, mkanda, mabomba ya maji, breki, matairi, betri.

Njia_Panda
Nawashukuru sana. Mkonga umenivutia zaidi, Katavi ndiyo imeamua. Kuna mmoja nimetumiwa picha. Chesisi inaonekana safi, T-BELT inawaka na kuzima. Kibati kimeandikwa HZJ78L kisha herufi nyingine. Usukani uko kulia. Muuzaji anasema ulitoka shirika moja upande wa Bujumbura. Kuna shida?

Fundi_Difu
Ipo. Hiyo L baada ya 78 maana yake lilitengenezwa usukani ukiwa kushoto. La kulia lingekuwa HZJ78R. Burundi wanaendesha kulia kwa barabara, ndiyo maana. Kwa hiyo mtu amehamisha usukani.

Nenda ulitazame hivi: ndani ya reli ya kulia, pale boksi la usukani lilipofungwa. Ukikuta bamba limechomelewa na boliti zimepita kwenye matundu ya tochi ya gesi, mabaki ya rangi nyeusi juu yake, liache. Pale ndipo nguvu zote za mawe na makorongo zinapoishia. Tazama pia ukuta wa injini upande wa kushoto: tundu la shafti ya usukani wa zamani limezibwa na nini? Na waipa zinafagia upande wa nani?

Mkonga_Mrefu
Mwombe picha ya boksi la usukani kabla hujalipa nauli ya kwenda kuliona. Akikutumia tena picha ya viti, umeshajibiwa.

Njia_Panda
Ametuma ya viti.